Mtu makini hategemei kichwa chake
Wengi huamini kwamba mtu makini hukumbuka bili, fomu na barua zote bila kuandika. Si kweli hata kidogo. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alikadiria kuwa akili hushikilia takriban mambo 4 tu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana simu ikiita ukiwa katikati ya kujaza fomu, lile ulilosema “nitalifanya baada ya hili” huponyoka.

Basi andika, ila si “bima” tu. Neno hilo halikuambii la kufanya. Andika: “Jumanne saa 3 asubuhi, piga simu ya bima, uliza tarehe ya malipo.” Utafiti wa wanasaikolojia Masicampo na Baumeister wa 2011 ulionyesha kuwa jambo lililopangwa waziwazi hupunguza kukusumbua hata kabla hujalitekeleza.