Uchaguzi wa theluthi: jinsi miji ya viwanda ya Uingereza ilivyochagua madiwani karne ya 19

Uchaguzi wa theluthi ni utaratibu ambao baraza la mji halichaguliwi lote kwa siku moja. Kila mwaka theluthi ya madiwani humaliza muda wao, viti vyao hugombewa, na wengine huendelea na kazi. Ndivyo ilivyopanga sheria ya mabaraza ya miji ya mwaka 1835 kwa Uingereza na Wales. Siku ya kura ilikuwa 1 Novemba.

Tuchukue Birmingham, mji wa mafundi chuma uliopata baraza lake mwaka 1838. Ulikuwa na kata 13 na madiwani 48 wa kuchaguliwa, kila mmoja kwa miaka mitatu. Juu yao walikaa madiwani wakuu 16 ambao mwananchi hakuwapigia kura kabisa. Baraza lenyewe liliwachagua, kwa miaka sita. Sasa piga hesabu: kila Novemba viti vilivyogombewa ni 16 kati ya 64. Chama kikizoa vyote, kimegusa robo tu ya baraza. Hasira ya mwaka mmoja haikutosha kuwang'oa waliokuwepo. Hata meya alichaguliwa na madiwani, siku chache baada ya kura, kama ambavyo meya wa Tanzania huchaguliwa na madiwani wenzake.

Mpiga kura alikuwa mwanamume aliyekalia nyumba au duka, hata kwa kupanga, na aliyelipa kodi ya mji bila kukatiza. Wanawake walipa kodi waliruhusiwa mwaka 1869, lakini mwaka 1872 mahakama ikawatoa walioolewa.

Kura yenyewe haikuwa na siri hata kidogo. Mtu alikabidhi karatasi yenye majina ya wagombea aliowataka, kisha chini akaweka sahihi yake na mtaa anakokaa. Karatasi hizo zilihifadhiwa kwa karani wa mji kwa miezi sita, na mpiga kura yeyote aliweza kulipa shilingi moja akazipekua. Mwenye nyumba hakuhitaji jasusi kujua mpangaji wake kampa nani. Kura ya siri ilikuja mwaka 1872.

Kwa utaratibu wa namna hii, aliyeshinda ni yule aliyejipanga mwaka baada ya mwaka. Miaka ya 1850 baraza la Birmingham lilikuwa mikononi mwa wabana matumizi, kundi lililokutana katika baa iitwayo Woodman na ambalo hoja yake kubwa ilikuwa kodi isipande. Mitaro ya maji machafu ingeweza kungoja. Waliberali nao, kuanzia mwisho wa miaka ya 1860, wakaunda kamati kata kwa kata na kusukuma watu wao kila Novemba. Mmoja wao, mtengeneza skrubu Joseph Chamberlain, aliingia barazani mwaka 1869 na kuwa meya mwaka 1873. Chini yake baraza lilizinunua kampuni mbili za gesi na ile ya maji, jambo ambalo wale wa Woodman wasingelikubali kamwe.

Madiwani wakuu wenye haki ya kupiga kura barazani walifutwa mwaka 1974. Birmingham iliacha theluthi mwaka 2018. Manchester bado inayo.