Kesi Si Yako, Bi Time

Jana usiku nimesahihisha karatasi kumi na mbili za kundi langu la Jumamosi, vijana wanaojiandaa na mtihani wa uwakili. Tisa kati yao wameandika, kwa maneno yanayokaribiana kama waliokaa dawati moja, kwamba "kwa kuwa mlalamikaji amesamehe, kesi imefutika." Nikaweka kalamu chini nikenda kuchemsha chai. Mtu wa barazani akiniambia hivyo namvumilia. Mama akinisimamisha sokoni Darajani, hapa kwetu Unguja, na mfuko wake wa samaki, akaniuliza "mwanangu, nikitaka kuifuta ile kesi yangu naanzia wapi?", namjibu kwa upole, hakusomea huyo. Lakini mtu mwenye shahada ya sheria, anayetaka kuvaa joho mwakani!

Swali lenyewe hili. Bi Time kapigwa mchi na shemeji yake, meno mawili yakakatika. Kenda polisi, kapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kenda hospitali. Shemeji kakamatwa, kafikishwa Mahkama ya Mkoa kwa shambulio la kuumiza mwili. Jirani na daktari wameshatoa ushahidi, Bi Time mwenyewe bado. Wazee wakakaa, sheha, kiongozi wa mtaa, akaitwa, biriani ikaliwa, na Bi Time akamwandikia hakimu barua kwamba kasamehe na anaomba kesi yake ifutwe. Barua ina muhuri wa sheha, wino wa zambarau, kila kitu. Wewe ni wakili wa mshtakiwa. Mshauri mteja wako.

Kabla hujashauri chochote, ishike hati ya mashtaka mkononi uisome kutoka juu. Juu kabisa jina la mahkama. Chini yake: Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya fulani bin fulani. Mafaili ya zamani utakuta SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, dhidi ya fulani. Halafu kosa na kifungu chake. Halafu maelezo ya kosa: wewe fulani, siku fulani, saa fulani, huko mtaa fulani, bila ya halali ulimpiga Time binti fulani kwa mchi. Hapo ndipo Bi Time anapotajwa kwa mara ya kwanza, nyuma ya kitenzi "ulimpiga". Kisarufi ni shamirisho. Kisheria ni shahidi. Meno ni yake, maumivu ni yake, kesi si yake. Anayeshtaki ni dola, na mwenye kalamu ya dola ni Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye kifungu cha 56A cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kimempa uwezo wa kuanzisha kesi, kuichukua iliyoanzishwa na mwengine, na kuisitisha. Sheha hamo. Wazee hawamo.

Swali la nani aliyekosewa si la kuchezea. Mwaka 2000 Mahkama ya Rufani, katika shauri la SMZ na Machano Khamis Ali na wenzake 17, ilisema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi, kwa sababu uhaini ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na Zanzibar peke yake si dola ya aina hiyo. Ubishi wa kukubali au kukataa tuuache kwenye gahawa. Ninachotaka mkione ni kwamba kesi nzima ilisimama juu ya swali lile lile la Bi Time: hapa nani kakosewa?

Nisiwe mkali kupita kiasi, lakini. Fikra hii watu wetu hawakuiokota njiani. Kila aliyekaa chuoni akasoma fikihi kidogo anajua kuna haki ya Mwenyezi Mungu na kuna haki ya mja, na haki ya mja mwenyewe anaweza kuisamehe. Hata katika kuua, walii wa damu ana hiari: atake kisasi, apokee dia, yaani fidia ya damu, au asamehe. Kwa hiyo mtu wa Makunduchi au wa Micheweni anaposema "nimesamehe, yamekwisha", anazungumza sheria. Ila si hii tuliyonayo mahkamani. Hii imetoka kwa Mwingereza. Sheria yake ya adhabu ya 1934 tulikaa nayo mpaka 2004, tukaandika yetu, tukaiandika tena mwaka 2018, na mifupa bado ni ile ile. Ndani yake kosa la jinai ni kosa dhidi ya umma, hata kama limefanyika jikoni baina ya watu wawili. Na Kadhi, kabla hujaniuliza, ana ndoa, talaka, mirathi na mfano wake. Jinai hana.

Tuje sasa kwenye kinachonikera khasa, maana hata wawili kati ya wale watatu waliobaki wameteleza hapa. Wameandika "Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa kesi, mshtakiwa ataachiwa." Ataachiwa vipi? Kiswahili chetu kina maradhi hapa. "Ameachiwa" tunamwambia aliyepewa dhamana, tunamwambia ambaye kesi yake imeondolewa, na tunamwambia aliyeonekana hana hatia. Watu watatu hao, na mmoja tu kati yao ndiye anayeweza kwenda kulala akasahau.

Dhamana naiacha, hiyo mnaijua. Shika kuachiwa na kuachiwa huru. Mwendesha mashtaka akiondoa shauri kabla ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, mshtakiwa anaachiwa, basi. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Kesho, au baada ya miezi minane, anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lile lile na mambo yale yale, wala hana pa kulalamikia. Akiondoa baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, hapo mahkama inamwachia huru, na akirudishwa atasimama aseme: nimeshahukumiwa kwa hili. Nolle prosequi ya Mkurugenzi, yaani kauli yake kwamba haendelei na mashtaka, "nole" kwa lugha yetu ya koridoni, nayo haifungi mlango. Inasimamisha tu. Nimewahi kuiona familia ikimlaki kijana nje ya mahkama ya Vuga kwa vigelegele kwa sababu ya nole. Wakapika pilau. Miezi kadhaa baadaye mama yake ananipigia simu analia, kijana kachukuliwa tena, na anauliza kwa hasira ya haki kabisa: "Si hakimu alisema kaachiwa?" Hakimu alisema. Wakili ndiye ambaye hakufafanua, na wakili huyo alikuwa mimi, nina mwaka mmoja kazini, nami nilikula pilau ile.

Rudi kwa Bi Time. Mashahidi wawili washapita, upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Mwendesha mashtaka akiona barua ya muhuri wa zambarau, na akijua kwamba bila Bi Time kesi imelegea, anachopendelea ni kuondoa shauri sasa hivi, wakati kuondoa bado ni kuachiwa kwa kawaida. Faili analiweka kabatini. Wewe uliyeandika "kesi imefutika" utashangilia na kumpeleka mteja nyumbani. Wakili aliyeiva anaikodolea macho hatua ileile na kujiuliza: ni heri aondoe, au ni heri shahidi asitokee, nipinge ahirisho, niombe upande wa mashtaka ufunge ushahidi wake kwa walionao, kisha nijenge hoja kwamba mteja wangu hana kesi ya kujibu, yaani ushahidi uliotolewa hautoshi hata kumwita ajitetee? Hoja hiyo ikikubaliwa, anaachiwa huru. Ikikataliwa, umemwingiza kizimbani kujitetea katika kesi ambayo pengine ingeondoka yenyewe. Hiyo ni kamari, na jirani aliyeuona mchi ukipanda na kushuka anaweza kutosha peke yake. Swali lilikuwa hapo. Alama nyingi zilikuwa hapo. Mmoja tu kazigusa.

Na jambo jengine ambalo lingekupotezea zaidi ya alama: wanne wameshauri mteja "aende kwa Bi Time amshawishi aandike barua ya pili." Jamani! Bi Time ni shahidi wa upande wa pili, tena hajatoa ushahidi. Ukimtuma mshtakiwa kwake umemvunjia masharti ya dhamana, umemtafutia kosa jipya la kuingilia shahidi, na wewe mwenyewe joho limeanza kukubana kabla hujalivaa.

Mtaniambia: mwalimu, kuna kifungu cha suluhu. Kipo. Sheria hizi za Mwingereza katika Afrika Mashariki zote zina sura ya aina hiyo: mahkama ihimize mapatano katika shambulio la kawaida, au kosa la asili ya mtu binafsi lisilofikia daraja ya makosa makubwa wala kuwa na mazingira ya kulizidisha. Soma masharti yote, usisome neno "suluhu" tu ukafunga kitabu. Na kumbuka anayepatanisha hapo ni mahkama, kwa amri yake, siyo biriani. Wengine mnasoma noti za Kenya mtandaoni, mnakuta kifungu chao cha 204 kinachomruhusu mlalamikaji kuondoa lalamiko na mshtakiwa akaachiwa huru, mnakibeba kama kilivyo mpaka Unguja. Mahkama za Kenya zenyewe zimeshasema kwamba katika mashtaka ya umma mlalamikaji ni Jamhuri, na aliyepigwa ni shahidi wake. Mnanukuu kifungu cha jirani, tena vibaya.

Sasa niseme ambalo vitabu havisemi. Barua ya Bi Time haina nguvu ya kisheria ya kufuta kesi, na kesi nyingi zenye barua kama hiyo zinakufa hata hivyo. Zinauliwa na muhali, ile haya ya kumkabili jamaa. Shahidi anaitwa, haji. Anaitwa tena, yuko Pemba kwa mazishi. Akija, hakumbuki. "Nilianguka msalani." Hati ya kumkamata shahidi ipo, lakini mwanamke aliyevunjwa meno umkamate umlete mahkamani kwa karandinga? Nimeliona likifanyika mara moja na sikupenda nilichokiona. Kwenye udhalilishaji wa kijinsia ni kuzito zaidi. Uamuzi wa Mahkama ya Rufani uliomo katika ripoti za 2006, ule mnaoukariri, unasema ushahidi wa kweli wa kubaka unatoka kwa aliyetendewa. Basi familia ikimziba mdomo aliyetendewa, imekwisha. Tuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, tuna mahkama maalum ya udhalilishaji tangu 2021, na bado baba anakuja kuniuliza kama anaweza kusamehe kwa niaba ya mtoto wake wa miaka tisa. Huyo simjibu kwa upole.

Kwa ndugu wawili waliopigana kwa ajili ya mpaka wa mikarafuu, wakapatana, wanakula sahani moja, mimi sina hakika kwamba dola ina kazi ya kuwakokota kila baada ya wiki mbili kwa sababu faili lina namba. Na mume na mke je? Kipigo cha nyumbani ni "asili ya mtu binafsi"? Miaka kumi iliyopita ningekujibu haraka. Leo naona neno hilo limewasaidia wapigaji kuliko wapigwaji, lakini nimeona pia wanawake waliojua wanachokitaka na sheria ikawajibu kwamba wao ni mashahidi tu. Mtihanini andika msimamo wa sheria. Nyumbani fikiri.

Mengine kwa haraka. Msamaha wa Bi Time una kazi kubwa kwenye kupunguza adhabu, kwa hiyo barua usiitupe, iweke ingoje siku yake. Fidia pia inaamriwa na mahkama baada ya kutiwa hatiani, usiichanganye na pesa zilizotolewa kwa wazee. Kabla ya faili kufika kwa Mkurugenzi hakuna kesi ya kufuta hata kidogo, kuna upelelezi. Mkurugenzi wa Bara hana mamlaka ya mashtaka huku, na wetu hana kule, ingawa Polisi ni mmoja. Na aliyehukumiwa huku haendi gerezani, anakwenda Chuo cha Mafunzo, na anaitwa mwanafunzi. Ukimwita mfungwa mtihanini sitakukata alama, lakini nitacheka.

Karatasi nitazirudisha Jumamosi saa nne. Aliyepata juu kuliko wote kaandika nusu ukurasa tu: barua haifuti, usimguse shahidi, angalia kesi iko hatua gani kabla ya kushangilia kuondolewa, mwambie mteja tofauti ya kuachiwa na kuachiwa huru kwa maneno ambayo mama yake ataelewa. Nikataka kumpa zote. Halafu nikaona chini kanukuu Sura ya 20, sheria ya mwenendo wa jinai ya Bara, kwa kesi iliyoko Unguja, na yetu Namba 7 ya 2018 iko mezani kwake kila wiki, kaifunikia kikombe cha chai. Nimemkata tatu.