Kopolima-bloku ni nini, na je, inaoza?

Kopolima-bloku ni mnyororo mmoja wa molekuli wenye vipande virefu vya aina tofauti, kila kipande kikiwa cha monoma moja (molekuli ndogo inayojirudia kwenye mnyororo): AAAAABBBBB, si ABBABAAB. Kila kipande huitwa bloku. Bloku zisizopatana hutaka kutengana kama mafuta na maji, lakini zimefungwa pamoja, kwa hiyo hujitenga kwa umbali wa nanomita tu. Ndiyo maana SBS (stirini-butadieni-stirini) ya kwenye soli za viatu ni ngumu na yenye kunyumbuka kwa wakati mmoja: polistirini hushikilia, polibutadieni huvutika. SBS haiozi, maana uti wake wote ni kaboni kwa kaboni na maji hayaukati.

Za kuoza zinahitaji bondi inayokatika, na iliyozoeleka ni esta. Mfano mzuri ni PEG-PLA: bloku ya PEG (polietilini glikoli) iliyounganishwa na bloku ya PLA (asidi ya polilaktiki). Chukua gramu 10 za PEG yenye uzito wa molekuli 5,000 na kundi moja tu la OH mwishoni, ongeza toluini (kiyeyusho) kisha uichemshe iondoke na unyevu. Tia gramu 10 za laktidi safi (molekuli ya pete inayojenga PLA), toluini kavu, na miligramu 50 hadi 60 za oktoeti ya bati kama kichocheo. Weka chini ya naitrojeni kwenye nyuzi 110 kwa saa 24. Kila OH hufungua pete ya laktidi, na bloku ya PLA huota hapo. Mwishowe yeyusha kwa dikloromethani, mimina katika etha baridi sana, chuja unga mweupe.

Adui mkubwa ni maji. PEG hiyo ina milimoli 2 tu za OH. Miligramu 36 za maji, pungufu ya tone moja, zina molekuli idadi ileile, na kila moja inaweza kuanzisha mnyororo wake wa PLA usio na PEG. Unabaki na mchanganyiko, si kopolima. Kagua kwa NMR ya protoni (kipimo kinachohesabu haidrojeni za kila aina): ukiipa kilele cha PEG (3.6 ppm) thamani ya 454, kile cha PLA (5.2) kikaribie 69. Ila NMR hiyo haitakuonyesha PLA iliyo peke yake. Hiyo itafute kwenye GPC (kipimo kinachotenganisha minyororo kwa ukubwa), kama kilele cha pili au bega.

Kuoza sasa. Maji hukata esta, PLA hufupika hadi asidi ya laktiki, na bakteria huila. PEG huvuta maji ndani, hivyo kazi huenda haraka kuliko PLA tupu. Lakini PEG yenyewe ina bondi za etha, si esta. Maji hayaikati, inayeyuka tu na kupotea machoni. Hapa wengi hudanganyika: kupungua uzito si kuoza. Kipimo cha EN 13432, kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyoozeshwa kwenye mboji, hudai asilimia 90 ya kaboni iwe kaboni dioksidi ndani ya miezi 6, kwenye mboji ya kiwandani. Joto lake, nyuzi 58 hivi, lina sababu: PLA hulainika karibu na 60. Baharini au kwenye udongo wa kawaida, PLA hukaa miaka.

Matokeo yakiwa mabaya, tazama kwanza chombo cha selulosi, kile cha kulinganishia. Kwa ISO 14855, njia ya kupima kuoza kwenye mboji, kama kuoza kwa selulosi hakujavuka asilimia 70 ndani ya siku 45, mboji yako ndiyo mbovu na jaribio zima halihesabiki.