Waliotaka kuangusha "nidhamu": maandamano ya nchi za Kiarabu na yaliyofuata

"Ash-shaab yurid isqat an-nidham," yaani wananchi wanataka kuangusha nidham. Kauli hii ilianzia Tunisia, ikatanda Cairo (Misri), Sanaa (Yemen) na Daraa (Syria) mwaka 2011. Mswahili akitega sikio vizuri atalishika neno la mwisho. Ni nidhamu yetu hiyo hiyo, ila kwetu imebaki na maana ya utii na mwenendo mwema. Kwa Waarabu, nidham ni utawala mzima na mizizi yake: rais, chama, polisi wa siri, majenerali na matajiri wanaokula nao. Wananchi walitaka hayo yote yaanguke. Wanafunzi wangu wakiniuliza kama mapinduzi yale yalishindwa, huwa naanza na neno hilo. Kati ya Januari 2011 na Februari 2012 watawala wanne waling'oka: Ben Ali wa Tunisia, Mubarak wa Misri, Gaddafi wa Libya na Saleh wa Yemen. Nidham zao ni habari nyingine.

Chanzo tunakijua kwa tarehe. Asubuhi ya 17 Desemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, Tunisia, mgambo wa manispaa walimnyang'anya Mohamed Bouazizi mizani na bidhaa zake. Alikuwa na miaka 26, akiuza matunda na mboga kwa mkokoteni. Machinga wa Kariakoo au Gikomba hahitaji kuelezwa jambo hilo linauma vipi. Alikwenda ofisi ya gavana kulalamika, hakusikilizwa, akarudi na mafuta akajichoma mbele ya jengo lile. Alifariki 4 Januari 2011. Siku kumi baadaye Ben Ali, aliyetawala miaka 23, alipanda ndege kukimbilia Saudi Arabia. Habari kwamba askari wa kike alimpiga Bouazizi kofi ilisambaa mno, lakini mahakama ilimwachia huru askari huyo.

Kijana mmoja hawezi kuwasha nchi ambayo haijakauka. Mwaka 2010 ukame na moto viliunguza mashamba ya Urusi, na Moscow ikapiga marufuku kuuza ngano nje. Misri, mnunuzi mkubwa wa ngano duniani, ilipata pigo. Si ajabu kwamba kaulimbiu ya Wamisri ilianza na "aish". Kwao aish ni mkate, na shina lake ndilo lililotupa sisi maisha na kuishi. Kisha ikafuata "hurriya", ndugu wa uhuru. Juu ya njaa kulikuwa na vijana wenye shahada wasio na ajira, na sheria ya hali ya hatari iliyodumu Misri tangu 1981 na Syria tangu 1963. Kulikuwa pia na aibu ya urithi. Bashar al-Assad alishakabidhiwa Syria baada ya baba yake mwaka 2000, na Wamisri waliona Gamal Mubarak akiandaliwa kufuata njia ile ile.

Kama sababu zilifanana hivyo, mbona matokeo yalipishana? Kwa maoni yangu jibu lipo kambini. Jeshi la Tunisia lilikuwa dogo, halina biashara kubwa za kulinda, na halikumwaga damu ili kumwokoa rais. La Misri lina viwanda, mashamba na kampuni. Lilimtoa Mubarak 11 Februari 2011 kama mtu anayekata tawi bovu ili shina lipone. Mohamed Morsi alichaguliwa kuwa rais Juni 2012, jeshi likampindua Julai 2013, na mwezi uliofuata mamia ya wafuasi wake wakauawa katika uwanja wa Rabaa. Libya haikuwa na jeshi la taifa lenye nguvu, kwa kuwa Gaddafi aliliogopa. Alipouawa Sirte, Oktoba 2011, bunduki zilibaki kwa wanamgambo, nyingine zikavuka jangwa hadi Mali. Wafalme wa Ghuba walikuwa na fedha. Oman, vijana walipoandamana Sohar, Sultan Qaboos aliwafukuza mawaziri na kuahidi ajira 50,000. Bahrain ilipewa vikosi kutoka Saudi Arabia.

Syria ndiko palipoumia zaidi. Daraa, wavulana waliandika ukutani maneno ya kumwambia daktari kwamba zamu yake imefika. Assad alikuwa daktari wa macho. Walikamatwa, wakateswa, wazazi wao wakaingia barabarani. Maofisa wa juu wa jeshi wengi walikuwa wa madhehebu ya rais, na waliona wakimwacha wataangamia naye. Umoja wa Mataifa unakadiria raia zaidi ya 300,000 waliuawa katika miaka kumi ya mwanzo. Assad alikimbilia Moscow tarehe 8 Desemba 2024, karibu miaka 14 tangu maandishi yale.

Wasudani waliyatazama haya yote kabla ya kuandamana. Desemba 2018, mjini Atbara, bei ya mkate ilipanda kutoka pauni moja hadi tatu. Aprili 2019 waandamanaji walipiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum, wakijua mlango ni upi. Omar al-Bashir akatolewa. Lakini waliobaki na nguvu walikuwa majenerali wawili wenye majeshi mawili, na tangu 15 Aprili 2023 wanapigana wao kwa wao. Maelfu ya Wasudani sasa wanaishi Uganda.

Tunisia, iliyopata katiba mpya mwaka 2014, ilitajwa kwa muda mrefu kama mfano mwema. Julai 2021 Rais Kais Saied, aliyechaguliwa kwa kura halali, alisimamisha bunge, na baadaye wapinzani wake kadhaa wakafungwa. Desemba mwaka huo alibadilisha pia siku ya kuadhimisha mapinduzi. Sasa ni tarehe 17 Desemba, siku Bouazizi alipojichoma. Tarehe 14 Januari, siku ambayo rais alikimbia, imeondolewa kwenye kalenda ya sikukuu.