Dereva wa Treni Anavyosoma Ishara Anapokaribia Njia Panda ya Reli

Wasafiri wengi wa Unguja na Pemba wanaovuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha wakapanda treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, hudhani kwamba reli zinapogawanyika ni dereva anayechagua pa kupita. Sivyo. Dereva wa daladala akifika njia panda ya Mwanakwerekwe, Unguja, hukata usukani. Wa treni hana usukani, na njia yake hutayarishwa mapema na mwongozaji aliyeko katika chumba cha udhibiti, ambaye husogeza pointi, yaani zile reli zilizochongwa ncha, na ishara haimruhusu dereva kupita mpaka pointi hizo zijifunge barabara.

Kazi ya dereva ni mwendo, nayo si ndogo. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa huhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, ilhali tawi linalopinda laweza kuruhusu chini ya nusu ya mwendo huo, kwa hiyo ni lazima aanze kupunguza kabla hajaiona njia panda yenyewe.

Uingereza, ishara ya njia panda huwa na safu ya taa tano nyeupe zinazoelekea upande ambako treni itapelekwa. Kwa kawaida zisipowaka, treni hufuata njia kuu. Penye mwendo mkubwa, ishara zilizotangulia humtahadharisha: kwanza taa mbili za manjano zinazowaka na kuzimika, kisha moja. Penye tawi la mwendo mdogo, ishara hubaki nyekundu mpaka treni ikaribie ikiwa imeshapunguza.

Taa hizo za manjano zinazowaka na kuzimika hutangaza kupinda tu, haziahidi kwamba mbele ni kweupe. Huko Colwich, Uingereza, Septemba 1986, dereva mmoja alizielewa vibaya, akachelewa kusimama kwenye ishara nyekundu, na treni mbili zikagongana. Dereva wa treni ya pili alifariki.

Reli yetu ya kisasa huleta ruhusa kwa redio hadi kwenye skrini ya dereva, pamoja na mwendo na umbali aliopewa, na akizidisha, mtambo hufunga breki wenyewe. Hata hivyo, mtambo haujui abiria wanakokwenda. Dereva akiona ameelekezwa tawi lisilo lake, hulazimika kusimama kwenye ishara na kumpigia mwongozaji, hata kama taa inamruhusu kupita.