Ukuta uliofika linta: tunayoamini kuhusu ujenzi Pemba, na yalivyo

Ukishika njia ya Chake Chake kwenda Wete utaziona: kuta zilizofika linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, nondo zimechomoza juu zina kutu, mpapai umeota katikati ya kitakachokuwa ukumbi. Watu husema, "Mwenyewe hana mpango." Huo ni uonevu. Ukuta ule ndio kibubu chake. Benki ikikopesha nyumba hutaka hati na mshahara wa kila mwezi, na mvuvi au mchuma karafuu hana hivyo viwili. Wengi pia wanaikimbia riba. Kwa hiyo karafuu zikiuzwa, hununuliwa matofali. Nao mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Msimu ukiwa mbaya, fundi hukaa.

"Kisiwani mchanga ni bure." Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linabomoa nyumba za watu. Mchanga wa pwani una chumvi. Chumvi ikiingia kwenye zege hula nondo, nondo ikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Kule Konde, kaskazini mwa Pemba, nilimwona fundi akitia chembe ulimini, akatema. "Huu wa bahari, mama. Usiutie kwenye msingi." Mama yule alikuwa keshalipa gari, na mifuko ya saruji imepangwa barazani. Aliuacha. Mchanga unaofaa huchimbwa bara ya kisiwa, mashimo yake yanameza mashamba, na uliochimbwa haurudi. Ndiyo sababu Serikali inauweka katika maliasili zisizorejesheka na kuuchimba kunataka kibali. Anayeuzoa ufukweni usiku anaipa bahari njia ya kufika kwenye minazi yetu.

"Ngoja bei ishuke." Nani ataishusha? Saruji na nondo huja kwa bahari: hupakiwa, hushushwa, hupakiwa tena kwenye gari, na kila mkono unalipwa. Mwaka 2021 chuma na nauli za meli vilipanda dunia nzima, na shilingi ikidhoofika mbele ya dola, cha nje kinapanda hata kama huku hakuna lililobadilika. Anayeweka fedha taslimu akisubiri, mara nyingi hurudi dukani akapata mifuko michache zaidi.

Lipo na la ardhi: "Wageni wameshainunua yote." Kwa Sheria Namba 12 ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, iko chini ya Rais, mwananchi hupewa haki ya kuitumia, mgeni hukodi. Lakini siwabezi wenye hofu. Pwani ikishapendwa na hoteli, mtoto wa kijiji hapati kiwanja karibu na chombo cha baba yake, na hilo ni kweli hata bila ya mauzo.

Wapo pia wanaoona mawe na chokaa ni umaskini. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, umesimama kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ila kuchoma chokaa kunakula kuni nyingi, na mikoko ndiyo kinga ya pwani, kwa hiyo hatuwezi kurudi huko sote.

Kama fedha imekatika na ukuta uko linta, usiziache nondo uchi. Zipake uji mzito wa saruji kabla ya masika, na ung'oe huo mpapai ungali mdogo, mizizi haijafika kwenye msingi.