Kwa nini ndimu ya supu ya majani hukamuliwa mezani?

Ukiagiza supu asubuhi mjini Tanga, bakuli huja na kipande cha ndimu pembeni. Wengi huona ni suala la ladha tu: anayependa ukali akamue, asiyependa aache. Lakini kwa supu ya majani, kuchelewesha ndimu kuna faida kubwa kuliko ladha.

Nazungumzia supu ya wanaopunguza wanga: mchicha au matembele kutoka soko la Mgandini, bamia, kitunguu, tangawizi, na soseji ya kuku au ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi. Haitiwi viazi wala ndizi, na hailiwi kwa chapati.

Tuanze na rangi. Kijani cha mchicha hutokana na klorofili, na katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna atomi moja ya magnesiamu. Moto ukishirikiana na asidi, magnesiamu hutoka, haidrojeni huchukua nafasi yake, na kijani hugeuka kuwa kama udongo. Majani yenyewe yana asidi kiasi, ndiyo maana mchicha uliochemka sana hufifia hata bila ndimu. Ukiikamua sufuriani unaharakisha kazi hiyo. Kifuniko nacho huzuia asidi zinazotoka na mvuke, kwa hiyo majani yakiingia, acha sufuria wazi. Wapo wanaotia magadi ili kijani kibaki. Kweli hubaki, lakini magadi huyalegeza majani mpaka yavurugike na huharibu vitamini C. Mimi siyashauri kabisa.

Halafu kuna uzito wa supu. Kiazi huifanya supu iwe nzito kwa sababu chembe zake za wanga hunywa maji ya moto na kuvimba. Tukikiondoa, bamia hushika nafasi yake kwa ute, ambao ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini na ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Gramu 100 za kiazi mviringo kibichi zina wanga wa gramu 17 hivi. Bamia ina takriban 7, na karibu 3 kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Sasa, asidi hukata ute. Asiyependa mlenda hutia ndimu mapema makusudi, lakini hapa ute ndio tunaoutaka.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani nayo hayafyonzwi kirahisi. Vitamini C huyasaidia, na nyama kidogo pia husaidia. Ila vitamini C huharibiwa na moto, hivyo ndimu iliyochemshwa nusu saa haiwezi kusaidia sawasawa na ile iliyokamuliwa sasa hivi.

Kuhusu soseji, soma pakiti. Nyingi huchanganywa unga wa ngano, wanga wa mahindi au chenga za mkate, na hapo hesabu yako ya wanga imeshavurugika. Chumvi pia huwa nyingi, basi onja supu kabla ya kuongeza. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana. Iwe supu ya mara mojamoja. Siku nyingine tia kidari cha kuku. Na anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari kabla ya kuacha wanga.

Kupika hakuna mambo mengi. Kaanga vipande vya soseji na kitunguu, tia tangawizi na maji, yakichemka weka bamia kwa dakika kumi. Mchicha uingie mwisho, dakika mbili au tatu. Matembele yaongezewe muda kidogo. Vijiko viwili vya tui la nazi vinafaa sana, maana vitamini A na K za majani zinahitaji mafuta ili zifyonzwe. Kila mtu akamue ndimu kwenye bakuli lake, ili supu ya watakaochelewa kula ipashwe moto bila asidi ndani yake.